Transi Juu ya Mawe ya Mapendo

Jumatatu, 12 Agosti 2002

Habari mbaya kabla ya chai. Nilikwenda Mapendo, mutaa wetu hapa Goma, kutafuta samaki wadogo, sambaza za bei nzuri, nikamukuta muzee Zihindula, shefu wa avenyu yetu, anatembea na kipaza sauti. Akatangaza: kila parsele, kiwanja cha mutu, ambayo haitakuwa imesawazishwa na kusimamishwa miti mine ya nyumba kufika tarehe 31, itapewa mutu mwingine. Akarudia mara mbili. Akakohoa ndani ya kipaza sauti. Akaenda.

Siku kumi na tisa! Na parsele yetu iko chini ya mawe ya volkano tangu Januari. Mawe yana urefu wa mutu mufupi. Yaani mimi.

Hakuna anayeyaondoa, nani ataweza? Watu wanavunja vichwa vya mawe, wanajaza mashimo, wanajenga juu. Lakini inaomba mikono. Bwana yangu Damien yuko Bunagana, anawaandikia wafanyabiashara karatasi za mupakani, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Mimi na Bénita tunalala Himbi kwa mabukwe, mama ya Damien, katika chumba kimoja cha nyuma ya nyumba anakopika. Mabukwe ni mwema. Mabukwe anakoroma. Mabukwe anasema Bénita nimemufunga vibaya mugongoni, kila asubuhi, tangu mutoto azaliwe.

Nataka mulango wangu. Hata wa mabati. Mulango ninaofunga mimi.

Mali yangu: mutoto mumoja wa miezi saba, radio-kaseti moja, kaseti tatu.

Jumanne, 13 Agosti

Usiku mutoto alilia meno. Asubuhi nikaweka kaseti ya pili, sauti chini. Akanyamaza hapo hapo. Nafikiri aliizoea tumboni.

Niandike mara moja, kwa faida ya wajukuu. Mwaka 1996 nilikuwa nafua nguo za vijana Wajerumani wa shirika moja hapa Himbi. Mumoja, murefu, miguu kama ngazi, alikuwa anapiga muziki huo asubuhi mpaka masufuria yanatembea juu ya meza. Kwanza nilifikiri jenereta inakufa. Juma la tatu nikajikuta nafua mashati kwa mapigo yake. Mashati kumi na mawili kwa wakati wa sita! Uasi wa kwanza ulipokaribia muji, walikimbia, na yeye akaniachia kaseti tatu. Ameandika juu yake kwa kalamu: Hard Trance, moja, mbili, tatu. Mimi nasema transi. Sasa tuko ndani ya uasi mwingine kabisa na mimi ningali upande wa B.

Volkano ilipofika nilikimbia na tumbo la miezi tisa, sufuria moja, na kaseti. Karatasi za parsele zilibaki ndani ya kabati. Damien hakugomba. Aliangalia kaseti. Akaniangalia mimi. Akasema afadhali kuna sufuria.

Leo nimekwenda kutafuta parsele yenyewe. Si kitu rahisi! Mipaka yote imezikwa. Lakini Damien alinielezaga: kutoka ukuta wa kijani wa farmasi ya zamani, hatua themanini kupanda. Nikahesabu na mutoto mugongoni, naruka nyufa. Sabini na tisa, themanini. Nikachomeka fimbo yenye kitambaa chekundu. Nilisimama pale kama mutu aliyegundua Afrika.

Mama Julienne akatokea. Ni kiongozi wa waimbaji wa parokia, na parsele yake imeshikana na yetu upande wa juu. Akaona fimbo yangu, akachomeka yake mbele yangu kidogo. Akanishukuru, akasema alikuwa hajui aanzie wapi. Halafu akaanza kujisifu. Yeye ana waimbaji arobaini wa kumusaidia. Akaniuliza mimi nina nani.

Nikamuambia nina transi.

Akaniuliza kama inanyweka kabla ya chakula au baada.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Kanisa limejaa. Nimepata akili!

Kwetu Masisi, ukiwa na shamba kubwa, unaita ubudehe. Majirani wanakuja na majembe, wanalima siku nzima, jioni unawapa pombe. Basi, kwa nini ubudehe usiwe wa mawe? Pombe sina. Lakini nina kitu kizuri kuliko pombe. Nikasimama mulangoni mwa kanisa nikawaambia watu: Jumamosi asubuhi, parsele ya Mama Bénita, ubudehe, mutapewa kitu kinachopanda kichwani haraka kuliko kasiksi.

Sikusema uongo. Kasiksi inaomba chupa mbili. Transi inaomba dakika tatu.

Jumamosi, 17 Agosti

Watu ishirini na watatu! Nilitaka kulia.

Halafu nikaona. Kila mumoja na nyundo mukono wa kuume, na kikombe mukono wa kushoto. Wazee wawili walikuja na mirija yao ya kunywea, imefungwa vizuri kwa kitambaa.

Nikawasha radio-kaseti haraka. Betri ya gari nilikuwa nimeiazima. Ngoma ikaingia, safi, nzito, kama mama ishirini wanatwanga kinu kimoja. Wimbo wa kwanza walisikiliza kwa adabu. Wimbo wa pili muzee mumoja akaja, akazunguka radio, akaangalia nyuma yake. Akaniuliza, mwanangu, mutungi uko wapi? Nikamuambia, muzee, ndio huu. Akaniangalia kwa huruma kama mutu anayeangalia mugonjwa. Akachukua murija wake.

Saa tatu nilikuwa nimebaki na mutu mumoja. Byiringiro, musukuma chukudu, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo, mabega kama mulango wa gereza. Nikamuuliza kwa nini hajaenda. Akasema anangoja ile sauti inayopanda irudi tena.

Ile sauti inayopanda! Miaka sita nangoja mutu wa kusema hivyo.

Mama Julienne, kutoka upande wa juu, akauliza kwa sauti ya kanisani kama wageni wangu wamelewa tayari.

Jumatatu, 19 Agosti

Byiringiro amerudi na wenzake wanane wa chukudu! Kila siku wanashuka na makaa na viazi mpaka saa tano, kisha wanakuja kwangu. Amewaambia ni muziki wa watu wenye nguvu. Sasa mutu gani atakataa?

Shida ya kwanza: mwendo. Ngoma inapiga haraka kuliko moyo wa mutu anayekimbia, hakuna mukono wa binadamu unaoweza kufuata. Wakajaribu. Mumoja karibu avunje muguu wa mwenzake. Nikawafundisha: hesabu ine, piga moja. Ine, piga. Ine, piga. Nilisimama juu ya jiwe na Bénita mugongoni, napiga makofi kama mwalimu. Nyundo tisa zikashuka pamoja. Jiwe likapasuka katikati kama mukate.

Mimi mwenyewe nilishika baramine, lile chuma refu la kuchokolea, muda wa upande mumoja wa kaseti. Angalia mwandiko huu. Lakini furaha!

Jumatano, 21 Agosti

Shida ya pili. Katikati ya kila wimbo wa transi kuna mahali ngoma inakufa. Inabaki sauti moja tu ya juu, ya huzuni, kama mutu anayekumbuka kitu kizuri. Ndipo utamu wote ulipo. Unangoja. Kangoma kadogo kanaanza mbali, kanazidi, kanazidi, na wewe pumzi imesimama, na halafu ngoma kubwa inarudi, na hapo unajua kwamba hakuna kitu kilichopotea. Ndiyo sababu naipenda. Haina maneno. Hakuna mwanaume ndani anayeomba musamaha. Inakuondolea kitu na kukurudishia.

Lakini wanaume wangu, ngoma ikifa, wanakaa chini. Wawili walilala! Dakika tatu kila wimbo, nyimbo sita kila upande, pande tatu kwa siku. Nimehesabu, tunapoteza karibu saa nzima ndani ya huzuni.

Mama Julienne ameuliza kama mashine yangu ya kusaga imekwama tena. Nikamuuliza wamefika ubeti wa ngapi, maana lile jiwe lao linasikiliza tu, bado halijaokoka. Waimbaji wawili wakacheka. Akawanyamazisha kwa jicho. Kusema kweli wanavunja vizuri, polepole, jiwe moja kila ubeti.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimetatua! Sheria mupya: ngoma ikifa, hakuna kukaa. Kila mutu anainua nyundo juu na kungoja. Kangoma kakianza, wanatetemesha mabega. Ngoma kubwa ikirudi, nyundo zote zinashuka mara moja.

Mungu wangu. Ardhi iliruka. Kuku wa jirani walikimbia. Muzee Zihindula mwenyewe alikuja kuangalia, akasimama na fimbo yake, akacheka, akatikisa kichwa. Akasema tuendelee, tuendelee, kazi nzuri sana. Mutu mwema kuliko nilivyofikiri.

Tulipokuwa tunarudisha betri kuchajiwa, askari mumoja kwenye kizuizi akasimamisha chukudu ya Byiringiro. Betri ya nini? Ya muziki. Muziki gani unaomba betri ya lori? Ilibidi nimupigie pale pale, nguvu ya mwisho. Akasikiliza amekunja uso. Bunduki ikaanza kuruka begani. Akasema huu ni muziki wa kwenda vitani. Nikamuambia kwa heshima, hapana, mukubwa, huu ni wa kusawazisha parsele. Akafikiri. Akasema hata mama yake ana parsele. Akatuachilia, akabaki na biskuti ya Bénita.

Jumatano, 28 Agosti

IMEISHA. Parsele yangu ni tambarare kama meza. Na miti mine imesimama! Nimeipapasa moja moja. Nimemuonyesha Bénita: hapa kitanda, hapa jiko, hapa radio. Alitema mate kwenye jiko.

Mama Julienne naye amemaliza, nusu siku nyuma yangu. Nusu siku! Nilimupongeza kama mwanamuke wa heshima. Nikamuambia labda mwakani nitamuazima kaseti. Akasema hapana, asante, tumbo lake linauma akisikia.

Mabukwe nimemuambia tutahama Jumapili. Akasema nitamufunga mutoto vibaya na hakutakuwa na mutu wa kuniambia.

Ijumaa, 30 Agosti

Siwezi kuandika. Naandika.

Damien amefika kutoka Bunagana asubuhi, vumbi mpaka masikio. Nikamupeleka mbio, nimemufunika macho kwa kikwembe. Nikafungua. Akaangalia parsele. Akaangalia miti. Akasema ni kazi nzuri sana. Akauliza ni ya nani.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akarudi mpaka ukuta wa kijani, akahesabu hatua themanini. Lakini Damien ana miguu ya Damien! Akapita fimbo yangu nyekundu, akaendelea, akaendelea, akasimama katikati ya parsele ya Mama Julienne. Akasema, Mama Bénita, sisi tuko hapa.

Themanini zilikuwa hatua zake yeye! Zangu zinaishia parsele moja chini. Na parsele ya chini ni ya nani? Ya muzee Zihindula. Shefu! Siku tisa wanaume tisa wamemusawazishia, kwa muziki, bure, na miti mine juu. Na Mama Julienne, kwa sababu alifuata fimbo yangu, amesawazisha yetu na kusimamisha miti. Waimbaji arobaini! Parsele yake yeye iko juu zaidi, mawe yamesimama kama meno, hakuna aliyeyagusa.

Niseme kweli, kwa sababu hapa ni mimi na daftari tu. Kwa dakika tano nilikuwa mutu mwenye furaha kuliko wote Goma. Shefu amepata yake. Mimi nimepata yangu, imevunjwa kwa zaburi. Ni nani aliyepoteza? Mama Julienne tu!

Halafu akafika. Damien akamuelezea polepole. Mama Julienne hakupiga kelele. Hakunitukana hata kidogo, na mimi nilikuwa nimejitayarisha. Akapanda mpaka parsele yake, akakaa juu ya jiwe, akavua viatu. Akasema watoto wake wanne wanalala sakristia tangu Januari, na alikuwa ameshawaambia wafunge mizigo.

Nikahisi Bénita muzito mugongoni.

Nikaenda kwa muzee Zihindula. Nilimukuta anapima mulango wa nyumba yake mupya juu ya jasho langu. Nikamuuliza kama alijua. Akavua kofia. Akasema aliona tunafanya kazi kwa furaha kubwa, akaogopa kutukatisha.

Nikamuambia, muzee, mimi nakuheshimu kama baba yangu. Wewe umekula siku tisa zetu. Kesho ni tarehe 31, ulisema wewe mwenyewe ndani ya kipaza sauti, haibadiliki. Vizuri. Basi kesho saa kumi na mbili asubuhi utakuwa kwa Mama Julienne, na nyundo, na watoto wa ndugu yako wote. Akaanza kusema mugongo wake unamuuma. Nikamuambia wangu unabeba mutu.

Akasema atakuja.

Jumamosi, 31 Agosti

Mikono haishiki kalamu. Nitajaribu.

Walikuja wote! Watu wa chukudu tisa. Waimbaji na nyundo zao na ngoma ya kanisa. Muzee Zihindula na watoto wanne wa ndugu yake, amevaa suruali ya zamani. Damien. Hata mabukwe, na sufuria ya maharage, anatangaza kwamba hapendi kelele ile na hatakaa. Alikaa mpaka mwisho.

Waimbaji hawakutaka transi. Nikamuachia Mama Julienne achague, parsele ni yake. Akaangalia mawe, akaangalia waimbaji wake. Akasema, weka, mawe ni mengi.

Kaseti ya kwanza, ya pili. Ine, piga. Ine, piga. Nyundo hamsini! Mawe yaliruka kama bisi. Waimbaji walianza kwa haya, wanapiga wakiangalia chini, saa mbili baadaye walikuwa wanatetemesha mabega kuliko watu wa chukudu. Saa saba, nusu ya mawe imeisha. Saa tisa limebaki jiwe moja katikati, baya, kubwa kama lori, pale pale miti inapotakiwa kusimama.

Nikaweka kaseti ya tatu, wimbo wa mwisho, ule murefu. Nilikuwa nimeuweka kwa siku kubwa. Ngoma ikafa. Sauti ya juu ikabaki peke yake. Nyundo hamsini juu. Muzee Zihindula naye juu, kofia imeanguka. Kangoma kakaanza mbali. Kakazidi. Kakazidi.

Betri ikafa.

Hakuna aliyeshusha nyundo. Wote wakaniangalia, na mimi sina kitu, nina waya mukononi. Nikafikiri, sasa watakaa chini, na jiwe litabaki, na watoto wanne watarudi sakristia.

Na hapo nikasikia. Tr-tr-tr-tr-tr. Kwa mudomo! Mama Julienne, macho amefunga, anaendeleza kangoma pale pale kalipokatikia. Hakukosa hata pigo moja. Akainua kiganja kwa mupigaji wake wa ngoma ya kanisa. Akangoja. Akangoja hata mimi nikafikiri amechelewa. Hakuchelewa. Akakishusha.

BUM.

Jiwe likafunguka.

Tulipiga kelele wote. Waimbaji walichukua ile sauti ya huzuni, wakaigawa kwa sauti ine, na ngoma ya kanisa chini, na nyundo. Tukamaliza hivyo, bila betri, bila kaseti. Saa kumi na moja miti mine ilikuwa imesimama. Muzee Zihindula akachukua kipaza sauti chake akatangaza kwamba parsele ya Mama Julienne iko sawa na sheria. Akakohoa ndani yake.

Nikamuuliza Mama Julienne alijifunza lini. Akasema majuma mawili nilimupigia ndani ya masikio, angefanya nini? Halafu akaniambia polepole, wengine wasisikie, kwamba anapenda zaidi upande wa B.

Jumapili, 1 Septemba

Usiku wa kwanza kwetu. Hema la plastiki juu ya miti mine, na mulango wa mabati. Niliufunga mimi. Nikaufungua. Nikaufunga tena. Damien akaniuliza kama kuna shida.

Leo asubuhi, tukiwa bado kwa mabukwe, aliniomba kitu kimoja. Mama Bénita, akasema, nakupenda, kazi yako ni ya ajabu, lakini nakuomba, usitangaze tena kwa watu kitu ambacho huna. Umewaita watu kwenye pombe ambayo haiko. Umechukua avenyu nzima kwenye parsele zisizo zao. Pumzika kidogo. Nikamuapia kwa moyo wote. Kweli nimechoka. Nilimuapia huku mutoto ananyonya, na kiapo cha namna hiyo mutu hachezi nacho.

Baada ya misa nilikutana na Mama Julienne na waimbaji wake. Tuliongea kidogo tu. Ule wimbo murefu, ule wa jana, ungefaa sana kwa maandamano ya matoleo. Unapanda taratibu, watu wanatembea na vikapu vyao, na ngoma inarudi wanapofika altarini. Na hauna neno hata moja, sasa uzushi utatoka wapi? Wakaniuliza padri anasemaje. Nikawaambia padri amefurahi sana, amekubali, ni Jumapili ijayo.

Padri bado sijamuona. Kesho asubuhi nitapita kwake, nimueleze kwamba waimbaji wote wanamuomba kwa machozi.

Damien nitamuambia Jumamosi.